Chezeni Nyie, Mimi Nafagia

Rajabu aliingia msibani akiwa amevaa koti la marehemu. Alikuwa amelivaa kinyume, bitana nyekundu ikiwa nje, na kiunoni amejifunga khanga kama mjane aliyetoka kupewa habari. Wazee waliokuwa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba ya Shija, kaka yake marehemu Nestori, walimwona akikatiza kwenye mabua ya mahindi, wakaanza kucheka kabla hajafika. "Mzaramo huyo!" mmoja alisema. "Nilijua watakuja tu. Mnyamwezi gani kazikwa kwa amani?" Rajabu hakumsalimu mtu. Alijitupa chini mbele ya jeneza, akapiga vumbi kwa viganja, akalia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka stesheni ya Bukene: "Mume wangu eeh! Miaka yote tulibishana nani mke, nani mume. Leo umenishinda. Nakubali mbele za watu, mke ni mimi! Haya, nani atanichotea maji?" Wanawake waliokuwa wakisonga ugali nyuma ya nyumba walicheka hadi mmoja akaangusha mwiko. Hata mchungaji alitabasamu, akatazama pembeni. Tangu enzi za misafara, Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo kichwani wakipitia Uzaramo, makabila haya mawili ni watani, na mtani hufanya msibani jambo ambalo mtoto wa marehemu hathubutu. Huvaa nguo za aliyekufa. Huiga mwendo wake. Hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote.

Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, chungu cha maharage kikiwa mbele yangu, na nilikuwa nikiitazama ile bitana. Nililijua koti hilo tangu likiwa kitambaa. Asubuhi ile mke wa Shija alikuwa amenisimulia siku za mwisho za Nestori: alikataa uji, akakataa ugali, akawa anakubali matobolwa tu, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tena avunjiwe vipande vidogo vidogo. "Sijui alizoea wapi kulishwa hivyo," alisema shemeji yule. Nilikuwa najua alizoea wapi. Ilikuwa kwenye chumba cha uani, nyumba ya Bi Zuhura, mtaa wa Cheyo, Tabora mjini, mwaka ule ambao mimi hujihesabia kuwa ndio nilizaliwa, ingawa nilikuwa tayari msichana mkubwa aliyemaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda.

Nimekwisha kuandika vitabu kadhaa tangu wakati huo, na wasomaji huniuliza nilijifunzia wapi. Huwa nataja majina ya walimu, kwa adabu. Ukweli ni kwamba nilijifunzia kwenye banda la video la Bi Zuhura, Gongoni, nikiwa nimeshika maiki. Banda lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya tumbaku, na ndani mna mabenchi yaliyotoka kwenye kanisa lililovunjwa. Nyuma ya kila benchi kulikuwa na kijishubaka cha kuwekea kitabu cha nyimbo, na watu walikuwa wakitia humo maganda ya karanga. Mbele kulikuwa na televisheni, deki, spika mbili, na pembeni stuli ya Nestori. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Iwe ya Kihindi, ya Kichina au ya Kithai, zote alizitafsiri papo hapo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anazijua lugha hizo. Hakuzijua. Alitazama filamu mchana akiwa peke yake, akasoma nyuso na mikono, kisha jioni akaiweka Tabora. Muuza dawa za kulevya wa Bangkok alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kijiji aliyekula mbolea ya ruzuku. Mama mkwe wa Bombay alikuwa ametokea Nzega. Siku moja aliigiza bibi kizee kwa sauti nyembamba ya kuchekesha, nami niliyekuwa nauza karanga mlangoni nikasema kwa nguvu, "Hakuna bibi anayeongea hivyo." Banda zima lilinigeukia. Nestori alininyooshea maiki, akasema, "Basi mwongeleshe wewe." Tangu jioni hiyo wanawake wote wa filamu, wazee kwa vijana, wema kwa wachawi, walikuwa sauti yangu.

Nestori alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti nzito iliyolelewa na kwaya ya kijijini kwao Bukene. Rajabu alikuwa mfupi, mwepesi, fundi cherehani aliyekuja na reli kutoka pwani na kuweka mashine yake kwenye baraza ya Bi Zuhura. Walipanga chumba kimoja uani, ukuta mmoja na changu, na uani pale hakukuwa na siku iliyopita bila ugomvi wao. "Mke wangu!" Rajabu aliita akitoka kazini. "Chakula kiko wapi?" Nestori alijibu akiwa amechuchumaa penye jiko la mkaa: "Mke ni wewe. Nani aliyemwona mume anayeshona sketi?" "Nakushonea za kwako, mpagazi we! Babu zako walibeba pembe za tembo mpaka baharini, wewe kubeba ndoo ya maji tu unalia." "Na babu zako walikuwa wamelala mnazini wakisubiri tupite watuombe chumvi." Bi Zuhura, mwenye nyumba, mjane ambaye nusu ya ukoo wake umezikwa Gongoni na nusu Muskati, alikuwa akitoka na birika la udhu, anawatazama, anasema: "Nyie kila mmoja anasema mwenziwe ndiye mke. Haya, mahari alitoa nani?" Majirani walikuwa wakiegemea ukuta wa uani kuja kusikiliza, kama wanavyoenda ngomani. Ilikuwa burudani ya mtaa. Hakuna aliyefikiri lolote, kwa sababu hivyo ndivyo watani wanavyoongea, na anayetafuta siri kwenye utani ni mgeni wa nchi hii.

Mimi nilijua kwa sababu ya ukuta. Nyumba zile za zamani kuta za vyumba hazifiki kwenye paa; juu kuna uwazi ambamo panya, moshi na maneno hupita bila kubisha hodi. Adhuhuri, jua likiwa limewafukuza watu uani, nilikuwa nimelala kitandani na kuwasikia. Walivyokuwa wakitukanana nje! Ndani walikuwa wakisemezana kama wageni wanaoheshimiana. "Pole na kazi." "Asante. Umekula?" "Bado, nilikuwa nakusubiri." "Basi njoo. Nivunjie na mimi." Kisha mlio mdogo wa tobolwa kavu likivunjwa, na karanga zikimiminwa kwenye bakuli la bati. Jino moja la Nestori lilikuwa bovu, hakuweza kuuma kitu kigumu. Siku ya kwanza niliyoyasikia maneno yale nilikaa kitako kitandani, nikaziba mdomo kwa mkono, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasikika. Watu wawili waliojificha ndani ya kicheko cha mtaa mzima! Nilikuwa sijawahi kumsikia mwanamume akimwuliza mtu "Umekula?" kwa sauti ile, na mpaka leo, katika ndoa yangu na katika ndoa za watu wengine, bado huitegea sikio.

Ile filamu ya Kifaransa ililetwa na abiria wa treni ya Kigoma, ndani ya sanduku la diski alilomuuzia Bi Zuhura kwa haraka stesheni. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamume mfupi mwenye mkoba wa vifaa vya ufundi, amezungukwa na wanaume waliovaa manyoya na hereni. Nestori aliichezesha mchana, mimi, yeye na Rajabu tukiwa peke yetu bandani. Fundi wa kupatanisha sauti za piano anaingia kwenye klabu moja ya usiku mjini Paris. Mwenye klabu, bwana mrefu mwenye shati la kumetameta, anamwona mlangoni, anapiga kelele ya furaha, anamkumbatia na kumbusu mashavu yote mawili. Amemfananisha na mtu mwingine. Fundi anataka kusema, anafungua mdomo, anafunga, kisha ananong'ona maneno mawili matatu. Kuanzia hapo mambo yanaharibika kwa namna ya kuchekesha mno: wanaume waliovaa magauni wanamvisha naye gauni, mama yake mzazi anafika kutoka kijijini, yule mtu aliyekuwa akisubiriwa anatokea, watu wanajificha kabatini mpaka kabati linaanguka. Mwisho, asubuhi, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza, mwenye klabu na fundi wanacheza taratibu, wao wawili, huku mwanamke mzee akifagia sakafu bila kuwaangalia. Taa za bandani zilipowashwa hakuna aliyemtazama mwenziwe. Hatukujua neno moja la Kifaransa. Tulikuwa tumeelewa yote.

"Hii irudi sandukuni," Rajabu alisema. Nestori alikuwa amekaa kwenye stuli yake, mikono katikati ya magoti. "Wale ni watani," alisema hatimaye. "Nini?" "Watani. Mmoja kabila la milimani, mwingine la pwani ya kwao huko. Ndiyo maana wanabusiana, ndiyo maana wanavaa magauni. Wewe hukuvaa gauni kwenye harusi ya yule Mnyamwezi wa Cheyo ukajifanya bibi harusi?" Rajabu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika benchi, kisha akaacha ghafla. "Nestori," alisema kwa ile sauti ya chumbani ambayo sikutakiwa kuijua, "unataka kuionyesha kwa nini?" "Kwa sababu ni nzuri," Nestori alisema. "Na kwa sababu wanacheza hadharani na hakuna anayekufa."

Rajabu akamshonea koti la onyesho hilo: kijivu nje, la heshima kama la karani, na ndani bitana ya satini nyekundu iliyobaki kwenye magauni ya wasimamizi wa harusi. "Ya ndani ataiona nani?" Bi Zuhura alimuuliza. "Mvaaji anaijua," Rajabu alisema, uzi ukiwa mdomoni. Na Tabora ikaipenda filamu ile kuliko ya ngumi yoyote. Watu walitoka Ipuli, walitoka Kitete, wakakaa wawili kwenye nafasi ya mmoja. Fundi alipokumbatiwa mlangoni Nestori alisema kwa sauti ya mwenye klabu, "Karibu mtani, nimekungoja sana!" na banda likaitikia, "Karibu!" Mama wa fundi, sauti yangu, alimkuta mwanawe ndani ya gauni akasema, "Mwanangu, hata hilo gauni lingekukaa vizuri kama ungekula ukashiba," na wanawake wakanipigia vigelegele. Mwisho wake Nestori aliubadilisha kidogo kidogo kila onyesho mpaka ukatulia. Wale wawili wakicheza kwenye ukumbi mtupu, mwenye klabu alikuwa akisema: "Mtani wangu, waliokuwa wakicheka wameondoka. Sasa njoo tucheze bila kuchekesha." Nami, yule mwanamke wa ufagio, nilijibu: "Chezeni nyie. Mimi nafagia tu." Watu walitoka wakirudia maneno hayo sokoni, mama akiwaambia mumewe na mwanawe waliokuwa wakibishana, "Chezeni nyie, mimi nafagia tu." Katika miezi hiyo nilikuwa na furaha ambayo sikuitambua, kama mtu asivyotambua kwamba hana homa.

Jumapili moja alasiri banda lilikuwa limejaa, na benchi la mbele alikuwa ameketi Mwalimu Leokadia, mgeni wa Bi Zuhura. Alikuwa mama wa makamo kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mzaliwa wa Burundi, aliyefika mjini kutibiwa macho, na alikuwa amejifunga kitenge chake kwa utaratibu wa masista waliomsomesha. Fundi alipokumbatiwa na watu wakaitikia "Karibu!", mwanamume mmoja alisimama nyuma. Alikuwa dereva wa lori la tumbaku, ametoka kunywa. "Mnadanganywa!" alisema. "Mimi nimekaa Bujumbura. Utani gani huo? Hao ni mashoga, wote wawili! Na huyu anayewatafsiria anajua." Kisha, na hili ndilo lililonigandisha, alimnyooshea kidole Rajabu, aliyekuwa amekaa chini kando ya stuli kama kawaida yake. "Muulizeni na mkewe." Mtu mmoja alicheka, kwa mazoea. Hakufuatwa. Nestori alisimamisha filamu, na kwenye kioo wale wawili wakabaki wamekumbatiana, hawaachani. Nikaona watu wakitazama kioo, kisha stuli, kisha kioo tena. Sauti ikasema kutoka katikati, bila ubaya, "Mwalimu si anajua Kifaransa? Mwalimu atuambie." Mabenchi yakalia. Watu wote walikuwa wamemgeukia yule mama.

Mwalimu Leokadia alisimama polepole. "Rudisha nyuma kidogo nisikie vizuri," alimwambia Nestori. Nestori akarudisha. Kwa mara ya kwanza katika banda lile filamu ikacheza bila Kiswahili juu yake, Kifaransa kitupu, laini, chenye kukwaruza kooni, na kelele za furaha za bwana yule mrefu. Nilikuwa nimeshika maiki yangu kwa mikono miwili, nikiomba asijue kitu, kisha nikiomba ajue kila kitu na awe mtu mwema. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesahihisha imla. "Huyu mrefu anasema, 'Karibu, nimekungoja sana,'" alisema. "Mwenziwe anasema, 'Samahani, nimechelewa.' Nestori ndivyo alivyotafsiri?" "Ndivyo!" banda likasema. "Basi." Akamgeukia dereva. "Na wewe baba, hicho Kifaransa chako ulikisomea baa gani?" Kicheko kilipasua bati. Dereva alitoka akitukana. Nestori akaendelea, na mimi nikaendelea, lakini mwisho wa filamu, wakati wa kucheza, Rajabu hakuwa tena kando ya stuli.

Siku ya pili yake nilikuwa nikimenya mihogo na Mwalimu jikoni, nikamuuliza wale watu wa filamu husema nini hasa. Alitazama mlango, kisha akanisimulia filamu yote, bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anavyosimuliwa mtu hadithi ya watakatifu. Fundi hakumsahihisha pale mlangoni, alisema, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufurahi hivyo kumwona akiingia mahali. Na pale mwisho, kwenye kucheza, mwenye klabu anamwambia, "Ulipoingia nilijua wewe siye niliyekuwa namngoja. Nikasema moyoni, yule amechelewa, huyu amefika." Nilimwuliza kwa nini hakuyasema hayo bandani. "Niliulizwa kama tafsiri ni ya kweli," alisema. "Ni ya kweli. Sijapata kusikia mtu asiyejua lugha akaisikia vile." Akaosha muhogo, akautumbukiza sufuriani. "Sisi tuliokimbia nchi, mwanangu, tunajua mtu akinyooshewa kidole kwenye kundi kinachofuata ni nini. Lakini mimi naondoka kesho. Waambie wawe waangalifu."

Hakuna aliyehitaji kuwaambia. Jioni ile Rajabu alirudi kutoka barazani na kuita kama kila siku, "Mke wangu! Chakula kiko wapi?" Kulikuwa na majirani ukutani. Hakuna aliyecheka. Nestori, penye jiko, alijaribu kujibu, akasema kitu kuhusu sketi, na maneno yakaanguka pale chini kama sahani. Mpaka leo sijasikia kimya kibaya kama kile. Neno moja la mlevi lilikuwa limeondoa kicheko kwenye utani, na utani bila kicheko ni watu wawili tu wamesimama uani, wakionekana. Wakaacha kutaniana. Hilo likawa baya zaidi, kwa maana watani walionyamaza husemwa. Wateja wa cherehani wakapungua. Mama mmoja alichukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akisema amebadili mawazo. Nyuma ya ukuta sikusikia tena tobolwa likivunjwa, ila kunong'ona, na mara moja Nestori akisema, "Basi niondoke mimi," na Rajabu, "Wewe uende wapi, ni kwenu huku."

Balozi wa nyumba kumi alikuja asubuhi, akanywa chai ya Bi Zuhura na maandazi yake, akamwulizia mguu, ndipo akafika kwenye neno. Mimi nilikuwa nikipepeta mchele hatua chache kutoka kwao. "Bi mkubwa, wapangaji wako wale wa uani. Watu wanasema." "Watu wana midomo, wataitumia wapi? Wale ni watani." "Watani hawalali chumba kimoja." "Ala! Na wale wapagazi wa zamani walilalaje njiani mpaka Bagamoyo, kila mtu na hema lake?" Balozi alicheka, akajifuta mdomo. Hakuwa mtu mbaya; naamini hata alikuwa anawahurumia. "Umenishinda kwa maneno, Bi Zuhura. Lakini mmoja ahame. Vijana wa stendi wameshaanza kusema watakuja wenyewe, na wakija hawatakunywa chai." Bi Zuhura alikaa na kikombe chake mpaka kikapoa. Kisha alinyanyuka, akagonga mlango wa uani, akaingia, akaufunga. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na alinigombeza kwamba mchele una mawe.

Rajabu aliondoka na treni ya pwani. Nilidhani wataagana chumbani, kwa siri, na Nestori atabaki kitandani. Sivyo. Asubuhi alitoka amevaa lile koti, akakunja kata ya khanga, akaiweka kichwani, na juu yake akajitwika cherehani ya Rajabu na meza yake. Wakapita Gongoni katikati, Nestori mbele na mzigo, Rajabu nyuma ameshika kiboko cha mti, anapiga kelele: "Tembea, mpagazi! Bado safari ya miezi mitatu! Ukiangusha nakukata mshahara!" Watu walitoka madukani. Kwanza walitazama tu. Kisha mzee mmoja muuza asali akaangua kicheko: "Mnyamwezi karudia kazi ya babu zake!" na kikashika, duka kwa duka, kikawafuata mpaka stesheni. Mimi nilikuwa nyuma yao na kikapu cha chakula cha njiani, nikilia na kucheka, nikaelewa walichokuwa wakifanya. Walikuwa wamekodi kicheko cha mji kwa mara ya mwisho ili wapate kutembea pamoja mchana. Kwenye behewa Nestori alipandisha cherehani, wakabaki na dirisha kati yao. Treni ilipoanza kwenda Rajabu alitoa kichwa akatukana, "Kwaheri, mke asiyejua kupika!" Nestori aliinua mkono. Midomo yake ilisema kitu. Nilikuwa nimezoea kutazama midomo bila sauti, nikaisoma. Alikuwa anauliza kama amekula.

Nestori alitafsiri filamu kwa miezi michache zaidi. Ile ya Kifaransa hakuigusa. Mimi nikapata nafasi ya chuo, nikaondoka. Bi Zuhura akafa, banda likawa duka la simu. Nestori akarudi Bukene kulima mpunga na karanga, bila kuoa, akijulikana kama mjomba anayesimulia vizuri. Nilisikia Rajabu alioa Kisarawe na ana mabinti. Tulikuwa hatujaonana, sisi watatu pamoja, tangu ile asubuhi ya stesheni, na sasa tulikuwa tumeonana, mmoja akiwa ndani ya jeneza.

Makaburini Rajabu alifanya yote ambayo watani hufanya. Alimwiga Nestori akitembea kama korongo. Alimnyang'anya mchungaji kitambaa cha jasho. Jeneza lilipofika aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akafumba macho, akasema hatoki. Shija akamwonyesha jogoo. "Sitaki!" Akaonyeshwa jogoo na kikapu cha karanga. "Sitaki! Chumba hiki nimelipia mimi, mpangaji mwenzangu anaingia, balozi gani atanitoa?" Watu walikuwa wakishikana mabega kwa kucheka. Nilisogea mpaka ukingoni. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama mimi kutoka kule chini, mvi zimejaa udongo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya kwaya, ya maiki ya Gongoni. "Mtani wangu," alisema, "waliokuwa wakicheka wameondoka. Sasa njoo tucheze bila kuchekesha."

Hawakuwa wameondoka. Walikuwa wametuzunguka, wakisubiri kichekesho kinachofuata, na Rajabu alikuwa amelala pale akisubiri jibu ambalo ni mimi tu niliyekuwa nalo. Nilijifunga khanga vizuri. Nikachukua tawi la majani kutoka kwenye rundo, nikaanza kufagia udongo wa ukingoni, taratibu, bila kumtazama, na nikasema kwa sauti ya yule mwanamke mzee: "Chezeni nyie. Mimi nafagia tu." Walicheka sana. Wachache, wale waliowahi kuishi Tabora, walipiga makofi. Rajabu alibaki chini kwa muda wa kufagia mara chache zaidi. Kisha akavua koti, akalitandaza chini kaburini, bitana ikitazama juu, akalilaza mikono vizuri kama fundi anavyomlazia mteja, ndipo akatoka. Hakuna aliyemzuia. Mtani akiacha kitu kaburini haulizwi.

Jioni tulikaa kwenye benchi la stesheni, yeye na jogoo wake aliyefungwa miguu, tukisubiri usafiri wa Tabora. Vijana waliokuwa makaburini walipita wakamwita, "Mjane!" akawarushia tusi, wakaenda zao wakicheka. Udongo ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Tunu," aliniita kwa jina walilokuwa wakiniita wao wawili tu, na sauti ilikuwa ile ya nyuma ya ukuta. "Huko mwishoni, alikuwa anakula?"

"Matobolwa alikula."

"Mazima?"

"Hapana. Walikuwa wanamvunjia."

Alitikisa kichwa kukubali. Alimweka jogoo vizuri mapajani, akamlegezea kamba.

"Na karanga?"

Mke wa Shija hakuwa ametaja karanga.

"Na karanga," nilisema.